Pikapu iliyoinuliwa na usukani unaotetemeka: je, tatizo ni kasta au tunaisingizia?

#1 Msafiri wa Kaisut
Salaam kwenu wote. Nina Land Cruiser 79 yenye springi za koili mbele, niliyoiinua kwa inchi 2 ili ichukue matairi ya 285/75R16 badala ya yale ya 7.50R16 iliyokuja nayo. Kazi ilifanyiwa katika gereji moja ya Industrial Area na kwa macho ilikuwa safi: springi mpya, shokabsoba mpya, mipira ya breki imeongezwa urefu. Tangu hapo gari lina tabia mbili. Ya kwanza ni kwamba kwenye Mombasa Road haliendi moja kwa moja. Sina budi kulirekebisha kila wakati, na nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe bali unabaki pale nilipouacha. Ya pili ndiyo inayonitia hofu. Nikiwa kati ya kilomita 75 na 85 kwa saa, gurudumu moja likigonga kiungo cha daraja au ukingo wa shimo, magurudumu yote mawili ya mbele huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu, usukani unataka kuniponyoka, na hali hiyo haikomi mpaka mwendo ushuke chini ya 50.

Nililipeleka kwenye mashine ya alainimenti, inayopima pembe za magurudumu. Karatasi inaonyesha kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) ya digrii 0.6 kushoto na 0.3 kulia, ilhali karatasi ya kabla ya kuinua ilisoma 2.7 na 2.5. Fundi wa mashine alinieleza kwamba ekseli ya kipande kimoja ya namna hii haina mahali pa kurekebishia kasta, akaweka tou sawa (magurudumu yatazame mbele sambamba), akanikabidhi ufunguo. Walioinua gari wanasema ninunue dampa ya usukani, ile shokabsoba ndogo ya kutuliza usukani. Dai langu ni hili: kasta iliyopotea ndiyo chanzo cha mambo yote mawili, na anayeinua gari bila kurudisha kasta hajamaliza kazi aliyolipwa. Naomba wenye uzoefu mnithibitishie au mnipinge.

#2 Mzee wa Springi
Karibu, ndugu. Dai lako ni sahihi, na hesabu yake si ngumu. Kasta ni ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia: sehemu ya juu ikilala nyuma, mstari wa mhimili huo hugonga ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga, na kwa hiyo tairi huburutwa nyuma ya mhimili wake na kujinyoosha lenyewe, kama magurudumu madogo ya toroli la dukani yanavyojipanga nyuma unapolisukuma. Umbali huo ndio unaorudisha usukani. Kwa tairi lako, chukua nusu kipenyo cha milimita 400 likiwa limebeba uzito. Kwa digrii 2.6 umbali huo ni milimita 18, na kwa digrii 0.45, ambayo ndiyo wastani wako wa sasa, ni milimita 3 tu. Gari lako linaongozwa na milimita 3. Lisipotangatanga, ningeshangaa.

Kwa nini ilipotea? Ekseli imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chesisi. Ukiinua chesisi, ncha ya mbele ya mkono huelekea chini, na kwa kuwa ekseli imefungwa kwenye mkono kwa bushi (viungo vya mpira) mbili kila upande, huzunguka pamoja nao na sehemu yake ya juu kulala mbele. Mkono wa takriban mita 1 na nyongeza ya milimita 50 hukupa karibu digrii 2.9 za hasara.

#3 Kipimo Kwanza
Mzee, heshima yako iko palepale, lakini nakubaliana na nusu tu ya maelezo yako. Kutangatanga na usukani kutorudi ni dalili za kasta ndogo, hilo halina ubishi. Kule kupiga kwa magurudumu kushoto na kulia ni jambo jingine kabisa. Ni mtikisiko unaojilisha wenyewe, unaohitaji kitu kilicholegea ili uanze na mwendo fulani ili udumu. Tena toroli ulilolitaja linapinga hoja yako: magurudumu yake yana mburuto mkubwa, yaani ule umbali uliouhesabu, nayo ndiyo hutetemeka kuliko yote ukilisukuma kwa kasi. Kuongeza kasta huongeza nguvu ya kurudisha gurudumu katikati, na nguvu hiyo ikikutana na ulegevu hulivusha gurudumu upande wa pili, likarudi, likavuka tena. Nimeshuhudia magari yaliyoongezewa kasta yakaacha kutangatanga na yakaanza kutetemeka vibaya zaidi.

Pia hesabu yako ya digrii 2.9 hailingani na karatasi. Msafiri amepoteza digrii 2.1 kushoto na 2.2 kulia. Kwa mkono wa mita 1 hiyo ni nyongeza ya milimita 37 au 38, si 50. Ama mkono ni mrefu kuliko ulivyokadiria, ama springi hazijainua kama zilivyotangazwa.

#4 Fundi wa Kirinyaga Road
Habari zenu. Kabla ya hesabu zote hizo, angalieni beringi za kingpini. Kila ncha ya ekseli hii ina beringi mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia, na mkazo wake hupangwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba. Matairi mapana na mazito yakiwekwa, beringi zilizokuwa zinavumilia huanza kulalamika. Nimefungua nyingi, na picha ni ile ile: kwenye kikombe cha beringi ya chini unaona mistari midogo iliyopangika, mmoja kwa kila rola, mahali rola zilipokaa miaka yote gari likienda moja kwa moja. Ukipitisha ukucha juu yake, unakwama. Grisi inakuwa imechanganyika na mafuta ya difu kwa sababu sili ya ndani imekufa zamani, na inatoka nyembamba, ya rangi ya chai. Gari kama hilo mpe kasta utakayo, litatetemeka.

#5 Mama Difenda
Asante kwa uzi huu. Langu ni Defender 110 lililoinuliwa kwa inchi 2, nami nimepita njia hiyo hiyo. Kasta ilishuka hadi karibu sifuri, nikabadilisha mikono yote miwili kwa ile iliyopindwa maalumu kurudisha digrii 3. Kutangatanga kuliisha siku hiyo hiyo. Niliendesha hadi Naivasha kwa mkono mmoja juu ya usukani na mwingine juu ya chai. Mtetemeko ukabaki vilevile. Ulikuja kuisha bushi za fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isisogee pembeni, zilipobadilishwa. Kwa hiyo uzoefu wangu unamuunga mkono Kipimo Kwanza.

Lakini kuna gharama ambayo hakuna aliyeitaja. Ukiizungusha ekseli ili kasta irudi, pua ya difu inayotazama nyuma, pale propela (shafti inayoleta nguvu ya injini) inapofungwa, inashuka, na krosi za propela ya mbele, yaani viungo vyake, zinapinda zaidi. Defender huendesha magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo propela ile haipumziki, na sasa nina mtikisiko mwembamba kwenye sakafu nikifika 90. Nilitatua tatizo moja nikanunua jingine.

#6 Nyundo ya Ngara
Dampa mpya, nzuri, si ya bei ya kutupa. Niliweka kwenye Patrol yangu iliyoinuliwa na kutetemeka kukakoma kabisa, na mpaka leo hakujarudi. Watu wanapenda kufungua gari zima kwa jambo dogo.

#7 Kipimo Kwanza
Ndugu Nyundo, dampa kazi yake ni kumeza mshtuko unaotoka barabarani. Haiponyi beringi wala bushi. Ikiwa kilicholegea bado kimelegea, dampa mpya hukifunika mpaka nayo ichoke, na wakati huo ulegevu utakuwa umekua. Fanya jaribio moja: ifungue dampa yako, uende polepole kwenye barabara tupu, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Gari lisilo na kasoro halipaswi kutetemeka hata bila dampa.

#8 Nyundo ya Ngara
Sitaifungua. Gari limetulia, mke wangu hulala usingizi nikiendesha, na hiyo kwangu ni karatasi ya alainimenti inayotosha.

#9 Dada wa Matairi
Mimi nauza na kufunga matairi, na ninaona mmeliruka jambo la kwanza kabisa. Mwendo wa 80 kwa saa si namba ya bahati. Tairi la 285/75R16 lina kipenyo cha karibu milimita 834, mzunguko wake ni mita 2.62, kwa hiyo kwa mwendo huo linazunguka mara 8 na nusu kwa sekunde. Uzito usiolingana wa gramu 60 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16 huleta nguvu ya takriban nyutoni 34, karibu sawa na kilo 3 na nusu, inayovuta upande mmoja kisha mwingine mara 8 na nusu kila sekunde. Ekseli ya mbele ina mwendo wake wa asili wa kucheza, na viwili hivi vikikutana ndipo usukani unapokutoka mkononi. Ndiyo maana tatizo lina mwanzo na mwisho wake katika spidomita.

Bwana Msafiri, balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) ilifanywa lini, na ilifanywa baada ya kuosha rimu kwa ndani? Nauliza kwa sababu wateja wanaotoka Kajiado au Isinya wakati wa mvua huja na udongo mweusi umekauka ndani ya rimu, upande mmoja tu, mgumu kama saruji. Ninaung'oa kwa bisibisi kabla ya kugusa mashine, na baadhi yao hawahitaji tena huduma nyingine. Halafu matairi ya matope yenye meno makubwa huchakaa kwa mawimbi, na tairi la namna hiyo huweza kupita kwenye mashine ya balansi likiwa safi na bado likatetemesha gari, kwa sababu uzito wake uko sawa lakini umbo lake si duara.

#10 Mwana wa Rumuruti
Mimi nina pikapu ya zamani yenye springi za majani mbele, na kwetu suluhisho ni rahisi kuliko lenu. Tunaweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, upande mnene ukielekea nyuma, yu-boliti zinakazwa, kasta inarudi. Kabari za digrii 3 zilinitosha, na barabara ya Maralal yenye mikunjo sasa ninaipita bila hofu.

#11 Mkereza wa Kariobangi
Ndugu wa Rumuruti, kwa gari lako ni sawa ikiwa springi zako ziko juu ya ekseli. Kuna magari mengi ya zamani ambayo springi zake za mbele ziko chini ya ekseli, na kwa hayo upande mnene wa kabari lazima uelekee mbele. Akifuata maneno yako mtu mwenye gari la aina hiyo atapunguza kasta badala ya kuiongeza. Dawa ni kusimama pembeni ya gari na kujiuliza ni upande gani unaofanya kichwa cha ekseli kilale nyuma. Pia kabari ziwe za chuma, si za aluminiamu, maana hizo hupasuka kwenye mikunjo hiyo hiyo uliyoitaja, na boliti ya katikati ya springi iwe ndefu ya kutosha kichwa chake kikae vizuri ndani ya tundu la ekseli. Kichwa kisipokaa, ekseli hutembea.

Sasa kwa Msafiri na wenye koili. Njia ninazozijua ni hizi. Ipo ya bushi ambazo tundu lake la katikati limesogezwa pembeni, na ndizo ninazozifunga mara nyingi. Bushi hukaa ndani ya mkono, mbili kila upande, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma. Ili kasta iongezeke, tundu la bushi ya mbele likae juu ya kitovu na la nyuma likae chini. Nasisitiza kwa sababu zimekwisha kuletwa kwangu zikiwa zimepachikwa kinyume, na mwenye gari analalamika kwamba limekuwa baya kuliko mwanzo. Naam, limepoteza kile kidogo kilichobaki. Kipimo chake si kikubwa: ikiwa nafasi kati ya matundu mawili ni milimita 180, digrii 2 ni tofauti ya milimita 6 na kidogo, yaani 3 kwa kila bushi. Unaona jinsi milimita moja ya kubahatisha inavyoharibu kazi.

Njia nyingine ni kushusha ncha ya nyuma ya mkono kwa mabano yanayofungwa kwenye chesisi. Mimi binafsi naipenda, kwa sababu inarudisha mkono katika mlalo wake wa asili na gari halipigi kichwa tena kwenye matuta, ila mabano yananing'inia na jiwe la kwanza la Suguta litakuambia hivyo. Wapo wanaotoboa mikono upya, na wapo wanaokata vichwa vya ekseli na kuvizungusha kisha kulehemu. Hiyo ya mwisho humwachia mtu kasta anayoitaka bila kuishusha pua ya difu, lakini ni kazi ya kulehemu kitu kinachoshika gurudumu lako, na sipokei kazi hiyo.

#12 Mzee wa Springi
Mkereza ameeleza vizuri. Niongeze tu: bushi ziwe za mpira, si za poliyurethani, hasa kwa anayepita mahali ambapo gurudumu moja huinuka na jingine kushuka. Mkono wenye bushi mbili ngumu hauwezi kujipinda, na kinachojipinda badala yake ni mabano ya ekseli.

#13 Mkereza wa Kariobangi
Hapo tunatofautiana, mzee. Poliyurethani laini ipo, na bushi ya mpira yenye tundu la pembeni ina upande mmoja mwembamba ambao huchanika mapema. Nimezitoa zikiwa zimepasuka upande huo huo mwembamba hata kabla mteja hajamaliza tairi la kwanza.

#14 Msafiri wa Kaisut
Asanteni, nimejifunza mengi. Nimepima leo asubuhi kwenye sakafu ya zege ya jirani. Kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bawa, mbele imepanda milimita 41 kushoto na 38 kulia ikilinganishwa na vipimo nilivyovichukua kabla ya kazi. Nyuma imepanda 58. Nina ngao ya chuma na winchi mbele, nadhani ndiyo maana. Rimu nimeziosha, balansi imerudiwa, gramu 45 ziliongezwa tairi la kulia. Mtetemeko sasa ni mfupi kidogo lakini bado upo.

Jambo jingine nililoliona: nikibeba mzigo nyuma, gari linaongozeka vizuri zaidi. Sikulifikiria hadi niliposoma maelezo yenu.

#15 Mzee wa Springi
Hilo la mzigo ni ushahidi mkubwa, na linaieleza karatasi yako. Umeinua nyuma kuliko mbele kwa karibu milimita 18 hivi. Gari lote limeinamia mbele, na kwa urefu wa takriban mita 3.2 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hiyo ni theluthi moja ya digrii iliyopotea juu ya ile ya mikono. Ukipakia mzigo unaoshusha nyuma milimita 50, unarudisha karibu digrii 0.9. Kwa hiyo Kipimo Kwanza alikuwa sahihi kuhusu springi kutofikia urefu uliotangazwa, nami bado ninasimama kwenye kasta. Mwulizeni Msafiri: akiwa na mzigo, anatetemeka?

#16 Msafiri wa Kaisut
Hupungua sana. Sikumbuki kutetemeka nikiwa nimejaza.

#17 Mzee wa Springi
Basi.

#18 Kipimo Kwanza
Hapana, mzee, bado. Mzigo nyuma huondoa uzito kidogo kwenye ekseli ya mbele, hubadilisha namna chesisi inavyocheza, na mtu aliyejaza mzigo haendeshi kama aliye mtupu. Kasta ni moja tu kati ya vitu vilivyobadilika.

#19 Kijana wa Lang'ata
Naomba kuuliza. Magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya nyikani, yameinuliwa kuliko haya yote na yana matairi makubwa mno, na mashindano hayo yapo tangu 1989. Mbona hatusikii yakitetemeka? Nadhani wanaoyajenga wana siri ambayo tungeweza kuiiga.

#20 Mama Difenda
Kijana wangu, mengi niliyoyaona hufika huko yakiwa yamebebwa juu ya lori, na kwenye makorongo hayaendi kwa mwendo wa kutetemeka. Ni magari ya kupanda mawe, hayakujengwa kwa ajili ya Southern Bypass saa mbili usiku. Ukitaka kuiga, iga jinsi wanavyokagua kila boliti kabla ya kuondoka.

#21 Dereva wa Isiolo
Nami nichangie kuhusu kutangatanga, maana nina 79 mpya kidogo. Ekseli ya mbele ya matoleo ya kuanzia 2007 ilipanuliwa ili injini ya V8 ienee, lakini ya nyuma iliachwa ilivyokuwa, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yako ndani ya yale ya mbele kwa jumla ya takriban milimita 95. Kwenye barabara ya vumbi yenye mifereji ya malori, mbele inakaa katika mfereji na nyuma inapanda ukingo, halafu gari linayumba mkia na dereva anadhani ni usukani. Kabla ya kununua bushi, Msafiri atuambie kama anatangatanga kwenye lami laini au kwenye mifereji.

#22 Msafiri wa Kaisut
Kwenye lami laini, na tabia hiyo haikuwepo kabla ya kuinua. Ekseli ya nyuma haijabadilishwa.

#23 Dada wa Matairi
Umejaza upepo kiasi gani? Na kwenye lami huwa unavutwa kushoto zaidi? Barabara zetu zimeinuka katikati, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari lenye kasta ndogo hutelemkia kwenye ukingo. Kasta yako ya kulia ni ndogo kuliko ya kushoto. Gari huvutwa upande wenye kasta ndogo, kwa hiyo wewe unapaswa kuvutwa kulia kidogo na mteremko wa barabara unakuvuta kushoto. Ukiniambia gari linakwenda sawa katikati ya barabara, sitashangaa.

#24 Fundi wa Kirinyaga Road
Mnazunguka sana. Msafiri, hiki ndicho kipimo. Inua mbele, weka stendi chini ya ekseli, toa gurudumu, ondoa tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili) na dragi linki (fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani) ili kila upande uwe huru. Ingiza ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi, vuta polepole kwa pembe mraba, na usome kilo zinazohitajika kuanza kugeuka na kuendelea kugeuka. Linganisha na kitabu cha gari lako, kisha linganisha kushoto na kulia. Upande ukigeuka kwa kidole, shimu ni nyingi au beringi imekwisha. Wakati mkono wako uko pale, sikiliza katikati: ukihisi kama kuna kitako kidogo ambapo unataka kukaa, vile vikombe vina alama nilizozieleza. Beringi za habu (kitovu cha gurudumu) nazo zikazwe. Nati yake ni ya milimita 54 na kuna wanaoikaza kwa patasi na nyundo, mkiona alama za patasi kwenye nati mjue mliyemlipa ni nani.

#25 Kipimo Kwanza
Fundi, naomba unieleze jambo moja. Msafiri analalamika kwamba usukani haurudi. Kingpini zilizokaza sana huzuia usukani kurudi, na zilizolegea huruhusu kutetemeka. Zake haziwezi kuwa zimekaza na kulegea kwa wakati mmoja.

#26 Fundi wa Kirinyaga Road
Zinaweza, ndugu. Beringi yenye alama hukwama katikati, pale kwenye mashimo yake, na ukishavuka hapo inacheza. Mwenye gari anahisi usukani mzito kurudi, na gurudumu linapopigwa na shimo linatoka kwenye kitako chake na kupata uhuru wote. Nimezitoa kwenye magari ya watu waliokuwa wameambiwa tatizo ni kasta.

#27 Mama Difenda
Na fimbo ya Panhard, msiiache. Kuinua gari kumeipa mlalo mkali zaidi, ekseli imesogea pembeni milimita kadhaa, na sasa kila tuta linaisukuma ekseli upande kuliko zamani. Fimbo hiyo na dragi linki zinatakiwa kwenda sambamba zikitazamwa kutoka mbele. Zikipishana, tuta linageuza usukani hata kama dereva hajaugusa. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likiwa limekanyaga ardhi na injini inanguruma, mtu mmoja aucheze usukani kushoto na kulia, kidogo na haraka, nawe ulale pembeni utazame boliti ya fimbo upande wa chesisi. Usiangalie fimbo, angalia kichwa cha boliti dhidi ya mabano yake.

#28 Msafiri wa Kaisut
Nimefanya hivyo na mwanangu akiwa kwenye usukani. Kichwa cha boliti kinasogea kabla ekseli haijasogea, kiasi cha unene wa kucha. Boliti ilikuwa imekazwa. Tundu la mabano limepanuka na limekuwa kama yai, na kuna mng'ao wa chuma kipya upande mmoja. Mizani ya ndoano nayo imetoa kusoma sawa pande zote mbili, na sikuhisi kitako chochote katikati.

#29 Mkereza wa Kariobangi
Tundu la namna hiyo halikazwi kwa spana likapona. Lipanuliwe liwe duara, liingizwe bushi ya chuma iliyokerezwa kwa kipimo cha boliti, kisha ilehemuwe pembeni. Kulehemu bamba juu ya yai peke yake ni kupoteza gesi.

#30 Mama Difenda
Kama nilivyosema.

#31 Mzee wa Springi
Tundu lilipanuka kwa sababu gari limetetemeka kwa muda kwa kukosa kasta. Ukilitengeneza bila kurudisha kasta, litapanuka tena.

#32 Kipimo Kwanza
Au lilikuwa limepanuka tangu zamani, na kuinua gari kukalifichua. Hakuna karatasi itakayotuambia kipi kilitangulia, ndiyo maana naomba usifanye yote kwa siku moja. Tengeneza tundu kwanza, uendeshe, utuambie. Kisha ndipo bushi za kasta.

#33 Mzee wa Springi
Mimi ningeanza na kasta, kwa sababu hiyo tunayo kwenye karatasi na inatangatangisha gari leo hii. Tena yeye si kama Mama Difenda: 79 ina habu za kufungua, zinazotenganisha magurudumu ya mbele na shafti zake, kwa hiyo zikiwa huru propela ya mbele haizunguki barabarani, na anaweza kwenda hadi digrii 3 bila kuhofia krosi.

#34 Mama Difenda
Mpaka azifunge kwenye matope ya Marsabit akasahau kuzifungua kwenye lami.

#35 Msafiri wa Kaisut
Nitaanza na tundu, kwa sababu Mkereza ana nafasi Jumamosi, na bushi za kasta zitafuata zikifika. Kwa sasa sivuki 70, na ikianza kupiga ninashika usukani kwa nguvu, ninaachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla. Kuna la kuzingatia zaidi wakati wa kufunga bushi?

#36 Mkereza wa Kariobangi
Boliti za mikono usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Ziweke tu, shusha gari likanyage kwa uzito wake wote pamoja na winchi, lisukume mbele na nyuma litulie, halafu ndipo ukaze. Mpira ukikazwa mikono ikiwa inaning'inia, utabaki umejipinda maisha yake yote na utachanika upande ule mwembamba. Baada ya hapo rudi kwenye mashine, maana kasta ikibadilika usukani hauketi tena katikati na dragi linki itahitaji kurekebishwa. Njoo na karatasi zote mbili za zamani.